AlphaStar

AlphaStar ni programu ya akili unde iliyoundwa na kampuni ya DeepMind ya London ili icheze StarCraft II, mchezo wa vita wa kompyuta uliotolewa na Blizzard mwaka 2010. Ilianza kwa kuiga michezo ya watu, kisha nakala zake zikapambana zenyewe kwa zenyewe.

Desemba 2018 iliwachapa wachezaji wawili wa kulipwa, TLO wa Ujerumani na MaNa wa Poland, 5–0 kila mmoja. Ushindi huo una walakini: TLO hakutumia jeshi alilolizoea, na programu haikuhitaji kuhamisha kamera huku na huko kama binadamu.

Januari 2019, mbele ya watazamaji, toleo lililobanwa na kamera lilikwama. MaNa alipeleka chombo cha angani nyuma ya kambi ya AlphaStar, akashusha mashine mbili za kivita ziitwazo Immortal. AlphaStar ikarudisha jeshi zima nyumbani. Chombo kikazibeba, kikapaa. Jeshi likitoka, chombo kinarudi. Mchezo ukaenda hivyo hadi MaNa akashinda.

Oktoba 2019 AlphaStar ilifikia daraja la Grandmaster kwa majeshi yote matatu ya mchezo huo, juu ya asilimia 99.8 ya wachezaji walioorodheshwa.