Kivinjari kilipokuwa na uwezo wa kuangusha kompyuta nzima

Leo nina kisa, na nyuma ya kisa kuna historia.

Mwaka jana binamu yangu alinipigia simu usiku akikaribia kulia. Alikuwa akijaza fomu ya kuomba mkopo wa masomo, na kila alipofungua kurasa kadhaa ili kupakia stakabadhi zake, laptopu ilizimika na kujiwasha upya. Zilibaki saa tatu fomu ifungwe. Mimi na digrii yangu ya sayansi ya kompyuta nikamwambia bila kusita, "Ondoa hicho kivinjari, weka kingine." Akafanya hivyo mara mbili. Laptopu ikazidi kuzimika, na saa sita ikagonga.

Ushauri wangu ungefaa zaidi miaka ya tisini. Ngoja nieleze.

Katika Windows 95 na Windows 98, kuta kati ya programu na mfumo endeshi zilikuwa nyembamba mno. Kulikuwa na sehemu ya kumbukumbu iliyotumiwa na programu zote kwa pamoja, kwa hivyo programu moja mbovu iliweza kuharibu data ya mfumo wenyewe. Kisha mwaka 1997 Internet Explorer 4 ikaja, na Windows 98 ikaifanya sehemu ya mfumo. Kivinjari kikikwama, mara nyingi kiliondoka na eneo-kazi zima, ikoni na vyote.

Mfano unaonichekesha hadi leo ni wa mwaka 2000. Tangu enzi za DOS, neno CON limetengwa kuwa jina la kibodi na skrini, si la faili. Ukurasa wowote wa wavuti ulioonyesha kwamba picha yake iko c:\con\con uliweza kuangusha kompyuta ya Windows 95 au 98 papo hapo. Hakuna virusi, hakuna kupakua kitu. Picha moja tu isiyokuwepo! Microsoft walitoa kiraka mwezi Machi mwaka huo. Windows NT na Windows 2000 hazikuathirika.

Oktoba 2001 Windows XP ilileta kiini hicho cha NT majumbani. Kuanzia hapo, programu ya kawaida ilipokufa, ilikufa peke yake.

Lakini ndani ya kivinjari chenyewe hakukuwa na kuta. Ulikuwa na vichupo kumi, kimoja kikaharibika (mara nyingi kwa sababu ya Flash), na vyote kumi vikaenda. Ndiyo sababu watu walifurahi Firefox 2 ilipotoka Oktoba 2006 ikiwa na uwezo wa kurudisha kurasa baada ya ajali. Hiyo ilikuwa dawa ya maumivu, si ya ugonjwa.

Tiba ilianza tarehe 2 Septemba 2008, Google walipotoa Chrome pamoja na kitabu cha vibonzo cha Scott McCloud kilichoeleza wazo lake: vichupo vigawanywe katika michakato tofauti, kila mmoja na kumbukumbu yake. Internet Explorer 8 ilitoka na wazo linalofanana na hilo Machi 2009. Firefox waliitenga Flash kwanza, mwaka 2010, na wakaanza kutenganisha kurasa na kivinjari mwaka 2016. Flash yenyewe ilifikia mwisho wake Desemba 2020.

Kuta hizo zina gharama. Kila mchakato unadai kumbukumbu yake, na ndiyo maana kivinjari cha leo kinakula RAM kuliko karibu kila programu uliyo nayo.

Sasa rudi kwa binamu yangu. Kumbe kivinjari ndicho kilikuwa programu pekee kwenye laptopu yake iliyojaza RAM hadi kufikia sehemu iliyoharibika. Kuandika barua hakukufika huko. Nilipoitoa RAM moja kati ya mbili, ugonjwa ukaisha. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa hivyo kabla ya kulaumu, tazama ajali imesimama wapi:

1. Kichupo kimoja kimekufa, vingine viko hai: shuku ukurasa huo. Kwenye Chrome bonyeza Shift na Esc uone ni kipi kinakula kumbukumbu.

2. Kivinjari chote kimefunga, kompyuta iko sawa: zima viendelezi vyote, kisha uwashe kimoja kimoja. Hapa ndipo kuweka kivinjari upya kunaweza kusaidia.

3. Kompyuta nzima imezimika au imeonyesha skrini ya buluu: kivinjari kina uwezekano mdogo sana wa kuwa chanzo. Pima RAM (kwenye Windows andika mdsched), safisha feni iliyojaa vumbi, na usasishe draiva ya kadi ya picha. Tangu mwaka 2011 hivi, vivinjari vimekuwa vikitumia kadi hiyo kuchora kurasa, kwa hivyo jaribu pia kuzima huduma hiyo kwenye mipangilio.

Na kama fomu inafungwa leo usiku, usifanye lolote kati ya hayo. Tafuta kompyuta nyingine, hata ya jirani, utume kwanza. Hilo ndilo nililopaswa kumwambia.