Uwanja wa Kuazima

Mnamo Novemba 2010, vyuo vya Northwestern na Illinois vilipoazima uwanja wa besiboli wa Wrigley Field, Chicago, ili kuchezea mpira wao wa Kimarekani, ukuta wa upande mmoja uliukaribia mno mstari wa mwisho hata ikaamriwa timu zote mbili zishambulie upande wa pili tu. Habari ambayo mtu wa Singida, akisimuliwa, hataistaajabia sana.

Maana uwanja wa huko wa Namfua, ambao siku hizi waitwa Liti, haukujengwa uwe milki ya timu. Ni mali ya Chama Cha Mapinduzi, mfano wa viwanja vingi vya zama za chama kimoja vilivyosalia mikononi mwake hata baada ya mfumo wa vyama vingi kurejea mwaka 1992. Basi gozi na mkutano wa hadhara hugombea majani yaleyale, na winga akimbiaye pembeni hukuta tundu za vigingi vya turubai zimefukiwa kwa mchanga mkavu. Singida United nao, walipopanda Ligi Kuu msimu wa 2017/18 chini ya mwalimu Hans van der Pluijm, waliuanza msimu wakiwa wageni wa uwanja wa Jamhuri, Dodoma, kwa sababu Namfua ulikuwa katika matengenezo. (Kilomita zaidi ya 200 kwenda kuitwa mwenyeji!)

Lakini Mei Mosi ya kitaifa ya mwaka 2025 ilipofika Singida, wafanyakazi walikusanyika uwanja wa Bombadia, si Namfua.