Sensa na Watu wa Taita Taveta

Jubilei ya hekalu hutuhimiza kuhesabu miaka. Katika ukurasa huu tumeona vyema tuhesabu pia watu, yaani wakazi wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, ambao waumini na majirani wamechangamana nao sokoni, shuleni na misibani tangu enzi za reli.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita Voi na kufika Nairobi mwaka 1899. Mafundi na vibarua wengi walitoka Bara Hindi, na nyuma yao wakaja wenye maduka. Serikali ya kikoloni ilipofanya sensa mwaka 1911, na tena mwaka 1921, iliwahesabu Wazungu na Waasia. Waafrika walikadiriwa tu, hasa kwa kutazama kodi ya vibanda. Mhindi mwenye duka dogo kando ya reli aliandikwa katika daftari la sensa, lakini jirani yake Mtaita aliyemuuzia mahindi hakuandikwa.

Upungufu huo haukuwa jambo dogo. Mwaka 1915, Waingereza na Wajerumani walipokuwa wakipigana katika nchi hii, watu wa Kasigau walishukiwa kuwasaidia Wajerumani. Walihamishwa kwa nguvu hadi Malindi, na wengi walifia huko ugenini. Kwa kuwa hakuna sensa iliyowahesabu kabla ya msiba huo, hakuna daftari la kutuonyesha hasara yao kwa ukamilifu. Inakumbukwa katika masimulizi ya wazee.

Sensa ya kwanza iliyowahesabu Waafrika wa Kenya nzima ilifanyika mwaka 1948, ikapata watu wapatao milioni 5.4. Mwaka huohuo ilianzishwa Hifadhi ya Tsavo, ambayo leo inachukua zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti yetu. Tangu hapo, watu wanapoongezeka, nafasi ya kupanua kijiji haiongezeki nao.

Na wameongezeka kweli. Wilaya ya Taita Taveta ilikuwa na watu 110,742 mwaka 1969, 147,597 mwaka 1979 na 207,273 mwaka 1989. Mwaka 1999 walikuwa 246,671, mwaka 2009 walikuwa 284,657, na mwaka 2019 walifika 340,671. Katika nusu karne idadi imezidi mara tatu.

Katika miaka hiyohiyo Waasia walipungua. Nchini kote walikuwa 176,613 mwaka 1962, lakini kufikia 1979 walibaki 78,600. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwazuia wasio raia kufanya biashara nje ya maeneo yaliyotengwa, na pigo hilo liliangukia zaidi maduka ya miji midogo. Wengine walihamia Mombasa na Nairobi, wengine wakavuka bahari. Waliobaki waliendelea kuwa wananchi na majirani, na mwaka 2017 serikali iliitambua jamii ya Wakenya wa asili ya Kiasia kuwa kabila la 44 la Kenya.

Jumla ya kaunti, hata hivyo, inaficha habari muhimu zaidi. Kati ya 2009 na 2019 eneo la Taveta lilipanda kutoka watu 67,665 hadi 91,222. Voi ilipanda kutoka 89,374 hadi 111,831, na Mwatate kutoka 71,597 hadi 81,659. Wundanyi ilikuwa na watu 56,021, na miaka kumi baadaye ikahesabiwa 55,959. Kaunti iliongeza watu 56,014. Wundanyi ilipungukiwa na 62.

Sababu zake hazifichiki. Mashamba ya milimani yamegawanywa kati ya baba na wana, kisha wajukuu, hadi kipande kimoja hakitoshi kulisha nyumba moja. Taveta ina chemchemi, migomba, soko kubwa na mpaka wa Tanzania. Voi ina reli na barabara kuu ya Mombasa. Kijana aliyemaliza shule hushuka kutafuta riziki, na sensa humhesabu pale alipolala usiku wa kuhesabiwa. Kwa hiyo mtoto wa Wundanyi anayepanga chumba Voi au Mombasa huongeza idadi ya huko, ingawa nyumba ya wazazi wake, na pengine kaburi lake mwenyewe siku moja, viko mlimani.

Jambo hili lina uzito wake. Katika kanuni ya kwanza ya kugawia kaunti fedha baada ya Katiba ya 2010, idadi ya watu ilipewa asilimia 45 na ukubwa wa ardhi asilimia 8 tu. Kaunti kubwa yenye wanyama wengi na watu wachache huhisi jambo hilo. Ndani ya kaunti nako, mahali panapopungua watu huwa na sauti ndogo zaidi zahanati na walimu wanapogawanywa. Lakini wazee waliobaki Wundanyi wanahitaji zahanati zaidi, wala si pungufu, na mashamba yao ndiyo yanayotuletea mboga tunazonunua.

Desturi ya kuhesabu kila miaka kumi ikiendelea, sensa ijayo itakuwa mwaka 2029. Tunawaomba wasomaji wetu, waumini na majirani, wamfungulie karani mlango na kumtajia kila aliyelala nyumbani: mgeni, mtumishi, mlinzi na mtoto mchanga. Na wenye vyeo wanapoyasoma matokeo kwa ajili ya kugawa huduma, tuwakumbushe kwamba nyuma ya idadi iliyosimama pale Wundanyi ziko nyumba ambazo watoto wake tunaishi nao mtaa mmoja huku chini.