Njia za Shaba: Habari za Ubao wa Saketi

Msomaji, ukipata redio mbovu isiyotumika tena, fungua kifuniko chake utazame ndani. Utaona ubao mwembamba, aghalabu wa rangi ya kijani, na juu yake mistari mingi inayopinda na kukutana kama vijia vya kijiji vionekanavyo kutoka kilimani. Mistari hiyo ni shaba, nayo ndiyo inayopitisha umeme kutoka kiungo kimoja hata kingine. Leo mbao hizo za saketi hutengenezwa na viwanda vikubwa, na kwa hiyo ni rahisi kudhani ya kuwa zilizaliwa kiwandani. Sivyo. Zilianzia katika chumba cha kupanga cha mgeni asiye na kazi.

Zamani redio ilijaa nyaya. Kila waya ulikatwa, ukamenywa ncha, ukalehemiwa mahali pake kwa mkono, mmoja baada ya mwingine. Waya mmoja ukikosewa, redio nzima hunyamaza.

Aliyeona njia nyingine ni Paul Eisler, aliyezaliwa Vienna, katika nchi ya Austria, mwaka 1907. Alisomea uhandisi akahitimu mwaka 1930. Lakini alikuwa Myahudi, na siku zile za chuki milango mingi ya kazi ilifungwa mbele yake. Akapata riziki katika shughuli za magazeti, na huko akajifunza kazi ya wapiga chapa. Mwaka 1936 alihamia Uingereza, akapanga chumba Hampstead, mjini London. Hapo akajiuliza: ikiwa ukurasa mzima wa maneno hupigwa chapa kwa mara moja, mbona nyaya za redio nazo zisipigwe chapa? Akachukua karatasi nyembamba ya shaba iliyogandishwa juu ya ubao usiopitisha umeme, akazifunika njia alizozitaka kwa kitu kisicholika, kisha akaiacha dawa ile shaba iliyobaki wazi. Njia zikasalia, na redio ikasema.

Je, alipokewa kwa shangwe? Hata kidogo. Eisler mwenyewe alisimulia baadaye ya kuwa kampuni moja ilimkataa kwa sababu wasichana waliofunga nyaya walikuwa rahisi kuliko uvumbuzi wake. Mwaka 1940, vita vikiwaka, Waingereza walimtia kizuizini kama raia wa adui, ingawa alikuwa amemkimbia adui huyo huyo. Alipofunguliwa alipokewa na kampuni iliyopiga chapa vitabu vya muziki, na mwaka 1943 akaomba hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wake.

Sasa tuvuke bahari mpaka New York, kwani habari hii ina mkono wa pili. Huko alikuwako Chester Carlson, aliyeshughulikia hataza katika kampuni ya vyombo vya umeme, naye alichoshwa na taabu ya kunakili hati. Msaidizi wake alikuwa Otto Kornei, mkimbizi kutoka Austria, kama Eisler. Tarehe 22 Oktoba 1938, katika chumba cha kupanga mtaani Astoria, walisugua bamba la zinki lililopakwa salfa kwa kitambaa cha mkono hata likashika umeme. Wakaweka juu yake kioo kilichoandikwa tarehe na jina la mahali, wakalimulika kwa taa. Kisha wakanyunyiza unga mwepesi, na unga ukashika penye maandishi peke yake. Wakaukandamiza kwenye karatasi ya nta, wakaipasha moto, na maandishi yakaganda. Kampuni zaidi ya 20 zilimkataa Carlson. Mashine iliyoeneza kazi yake, Xerox 914, ilitokea mwaka 1959. Kutokana na unga ule kikazaliwa kichapishi cha leza.

Hapo ndipo mikono miwili inapokutana. Unga wa kichapishi cha leza kwa sehemu kubwa ni plastiki. Ukipata moto huyeyuka na kunata, na dawa ilayo shaba haiwezi kuudhuru. Basi fundi wa nyumbani huchapa mchoro wa njia zake katika karatasi laini ing'aayo, maandishi yakisomeka kinyume ili yakigeuzwa yakae sawa. Huisugua shaba hata itakate, huulaza mchoro kifudifudi juu yake, akaukandamiza kwa pasi ya moto kwa dakika kadhaa. Kisha hutia ubao majini; karatasi hulainika na kubanduka, na unga hubaki umeishika shaba. Ubao hutiwa katika maji ya kloridi ya feri, na shaba iliyo wazi huyeyuka. Husafishwa, hutobolewa kwa keekee ndogo, na viungo hulehemiwa. Lakini angalia: dawa hiyo huchubua ngozi na kutia nguo madoa yasiyotoka, na ikiisha kula shaba ni sumu kwa viumbe vya majini. Vaa mipira ya mikono, wala usiimwage mtaroni.

Pasi ile yafanya kazi ile ile iliyofanywa na moto wa Astoria, na dawa ile yafanya kazi ya chumba cha Hampstead. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone; nasi twaona jinsi wageni wawili waliofukuzwa na chuki walivyowanufaisha wenyeji. Walakini usidhani ya kuwa kila mwenye kustahili hulipwa. Carlson alitajirika, bali mwaka 1963 mahakama ya Marekani ilizitangua hataza za uvumbuzi wa Eisler katika nchi ile, hali dunia nzima ilikuwa ikiutumia. Alifariki mwaka 1992.

Kwa hiyo, msomaji, siku utakapoambiwa ya kuwa shule yako haina vyombo vya kutosha, kumbuka vyumba vile viwili. Na siku utakapokuwa wewe ndiwe mwenye kiwanda, akabisha hodi mgeni mwenye ubao wa ajabu mkononi, msikilize kwanza.