Taa ya Karibu, Taa ya Mbali

Jioni huwa nakaa ufukweni hapa Bujumbura nikitazama ng'ambo, Uvira, kwetu. Giza likishaingia, taa za mji na taa za wavuvi wa ndagala zinachanganyika. Ipi ni ndogo ya karibu, ipi ni kubwa ya mbali? Mimi sijui.

Wanaastronomia walikwama hivyohivyo, tena kwa miaka thelathini. Mwaka 1967 satelaiti za Marekani zinazoitwa Vela, zilizowekwa kuchunga majaribio ya nyuklia, zilinasa mmweko wa miale ya gama kutoka angani. Mingine ikafuata, mingi ya sekunde chache tu, halafu kimya. Inatoka jirani, kwenye galaksi yetu, au mbali kabisa? Mwaka 1995 Bohdan Paczyński na Donald Lamb walibishana hadharani mjini Washington: Paczyński mbali, Lamb karibu. Hawakuelewana.

Jibu lilipitia kwetu, Afrika Mashariki, na wachache wanalisema. BeppoSAX, satelaiti ya Italia na Uholanzi, ilizunguka karibu na ikweta ikiteremsha data zake Malindi, Kenya. Tazama ramani: ikitoka magharibi, ilipita maeneo yetu haya dakika chache kabla ya Malindi. Tarehe 28 Februari 1997 ilinasa mmweko, na saa chache baadaye ikaona masalio yake yakififia. Mwezi Mei ukaja mwingine. Darubini ya Keck, Hawaii, ikapima mwanga wake: mabilioni ya miaka ya mwanga. Paczyński alikuwa sahihi.

Sisi wakati huo tulikuwa tumeshakimbia Uvira, tangu Oktoba 1996. Nani angetazama juu? Mama alikuwa anahesabu unga.

Mwaka 2002 Lorenzo Amati na wenzake, kwa data za BeppoSAX, walionyesha kwamba mmweko wenye miale mikali zaidi kwenye kilele huwa umetoa nishati nyingi zaidi kwa jumla. Yaani rangi inakwambia ukubwa wa taa. Ukilinganisha na uhafifu unaokufikia, unapata umbali. Wapo wanaokibisha kipimo hicho, na mimi nawaelewa, maana mimweko haifanani. Ila inaonekana mbali kuliko supanova: mwanga wa ule wa 23 Aprili 2009 ulisafiri miaka kama bilioni 13.

Nilimuuliza mvuvi mmoja, "Mzee, taa ya mwenzako unaijuaje?"

"Kwa rangi, mwanangu. Karabai ni nyeupe."

Uvira ni kama kilomita 30 kwa barabara, kupitia Gatumba.