Halloween: pipi zenye sumu na hofu iliyopikwa magazetini

Wadau, kila ikifika tarehe 31 Oktoba, ndugu zetu walioko Marekani hukutana na mtihani mmoja. Jua likishazama, mlango unagongwa. Ukifungua unakuta mtoto wa jirani amevaa kama zimwi, na nyuma yake wenzake saba wameshika mifuko. Wanataka pipi. Kwa mila ya zamani, ukiwanyima wana ruhusa ya kukufanyia vituko.

Kwa sisi tuliokua tukiona watoto wakizunguka nyumba kwa nyumba kudai mkono wa Idi, hilo si geni sana. Kilicho kigeni ni hofu inayofuata. Watoto wakirudi nyumbani, wazazi wanamwaga pipi mezani na kukagua moja moja kama watu wa forodha. Wanatafuta sumu na nyembe. Hofu hiyo inanihusu, maana walioisambaza zaidi ni watu wa kazi yangu, waandishi wa habari.

Tuanze mwanzo. Halloween ilivuka bahari na wahamiaji wa Ireland na Scotland katika karne ya 19. Huko Marekani ikawa usiku wa utundu: vijana waling'oa mageti ya watu na kuvunja madirisha. Katika miaka ya 1920 na 1930 uharibifu ulizidi, na watu wazima wakapiga hesabu: heri kumpa mtoto kitu mlangoni kuliko kuamka asubuhi geti halipo. Ule msemo wa watoto wa "kitu au kituko" ulikwishachapishwa gazetini huko Alberta, Kanada, mwaka 1927. Vita vya Pili vya Dunia vilipoleta mgawo wa sukari mchezo ulififia, mgawo ulipokwisha mwaka 1947 ukarudi kwa kasi. Mwaka 1950, huko Philadelphia, mchungaji Clyde Allison na mkewe Mary Emma wakaanzisha utaratibu wa watoto kukusanya sarafu milangoni kwa ajili ya UNICEF.

Kwa maneno mengine, kuwasha taa ya barazani na kuweka bakuli la pipi kulikuwa mkataba wa amani kati ya majirani.

Hofu iliingiaje basi? Mwaka 1964 mama mmoja wa Greenlawn, New York, alichoshwa na vijana wakubwa waliokuja kuomba pipi, akawapa vifurushi vyenye sumu ya sisimizi na nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Alisema ni utani, lakini alifikishwa mahakamani. Hakuna aliyedhurika, ila habari ilisambaa nchi nzima.

Mwaka 1974 likaja kubwa zaidi. Huko Texas mtoto wa miaka 8 alikufa baada ya kula pipi ya unga iliyotiwa sianidi usiku wa Halloween. Baba yake, Ronald Clark O'Bryan, alidai pipi ilitoka kwenye nyumba waliyopita. Uchunguzi ukaonyesha aliyetia sumu ni baba mwenyewe, akitaka fedha za bima ya maisha. Alinyongwa? Hapana, alichomwa sindano ya sumu mwaka 1984. Kisha Septemba 1982, eneo la Chicago, watu 7 walikufa kwa vidonge vya Tylenol vilivyotiwa sianidi. Halloween ilikuwa mwezi mmoja mbele. Hospitali kadhaa zikaanza kupiga pipi za watoto eksirei!

Sasa sikiliza hili. Mwanasosholojia Joel Best na mwenzake Gerald Horiuchi walipekua magazeti kuanzia mwaka 1958, na mwaka 1985 wakachapisha matokeo: hawakupata hata mtoto mmoja aliyeuawa au kujeruhiwa vibaya na pipi ya mtu asiyemjua. Matukio mengi yalikuwa utani au uzushi.

Wakati macho yako kwenye pipi, hatari ilikuwa kwingine. Mwaka 1992 huko Baton Rouge, Louisiana, Yoshihiro Hattori, mwanafunzi wa Kijapani wa miaka 16, alikuwa akienda kwenye sherehe ya Halloween. Alikosea nyumba, akapigwa risasi na mwenye nyumba, akafa. Mwaka uliofuata baraza la mahakama lilimwachia huru mpigaji.

Na barabarani? Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulipitia ajali za Marekani za miaka 42, kuanzia 1975 hadi 2016. Hatari ya mtembea kwa miguu kuuawa na gari jioni ya Halloween ilikuwa juu kwa asilimia 43 kuliko jioni za wiki moja kabla na wiki moja baada. Kwa watoto wa miaka 4 hadi 8 ilikuwa kama mara 10.

Kwa hiyo wewe ndugu yangu uliyeko huko, maandalizi yenyewe si makubwa. Washa taa ya nje, ndiyo ishara ya karibu. Ondoa mpira wa maji na baiskeli njiani. Ndani ya boga weka taa ya betri badala ya mshumaa, maana mavazi ya watoto yanashika moto upesi. Mbwa mfungie chumbani. Kama una vitu visivyoliwa kwa ajili ya watoto wenye mzio, weka nje boga la rangi ya samawati-kijani. Alama hiyo ilianzia Tennessee mwaka 2012. Na kama lazima uendeshe gari jioni hiyo, nenda taratibu.

Habari ya wembe ndani ya tufaha inauza gazeti, na ya taa ya barazani iliyoungua haiuzi. Lakini mtoto anayevuka barabara gizani anaihitaji hiyo ya pili. Sisi tunaoshika kalamu tujiulize: kila tunapoandika "jihadhari na jirani yako", ni milango mingapi tunaifunga bila sababu?