Halijoto ya rangi ya taa za nyumbani

Halijoto ya rangi ni kipimo kinachoonyesha kama nuru ya taa inaelekea kwenye njano na wekundu au kwenye buluu. Hupimwa kwa kelvini (alama yake ni K). Balbu ya 2,700 K hutoa mwanga wa njano unaofanana na ule wa balbu za zamani za waya, na balbu ya 6,500 K hutoa mwanga mweupe wenye ubuluu kidogo. Kipimo hiki hakionyeshi ukali wa mwanga wala kiasi cha umeme unaotumika.

Hakuna rangi moja ya taa inayofaa nyumba nzima. Rangi inayofaa hutegemea kazi inayofanyika chumbani na saa inapofanyika. Mifano mingi ya makala hii ni ya Sinza, kata ya Wilaya ya Ubungo jijini Dar es Salaam, ambako nyumba za familia, vyumba vya kupanga, maduka, saluni na baa hukaa katika mitaa ileile.

## Maana ya kelvini

Kelvini ni kizio cha halijoto katika vipimo vya kimataifa. Kimepewa jina la mwanafizikia William Thomson (1824–1907), aliyejulikana pia kama Lord Kelvin. Kelvini sifuri ni sawa na nyuzi -273.15 za Selsiasi.

Kipimo cha joto hutumika kwa rangi kwa sababu kitu kikipashwa moto sana hutoa nuru, na rangi ya nuru hiyo hubadilika kadiri joto linavyopanda. Chuma kwenye tanuri la mhunzi huanza kuwa chekundu, kisha huelekea kwenye rangi ya machungwa, njano na hatimaye weupe. Kama kingeweza kuzidi kupashwa bila kuyeyuka, nuru yake ingeelekea kwenye buluu. Kwa hiyo kadiri namba ya kelvini inavyokuwa kubwa, ndivyo nuru inavyokuwa nyeupe na ya buluu zaidi.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Katika lugha ya kila siku njano huitwa rangi ya joto na buluu rangi ya baridi, lakini kwa kelvini nuru ya njano ndiyo yenye namba ndogo.

Makadirio ya vyanzo mbalimbali vya nuru ni haya:

* mshumaa: takriban 1,900 K
* balbu ya zamani ya waya: takriban 2,700 K
* balbu ya halojeni: takriban 3,000 K
* mbalamwezi: takriban 4,100 K
* jua la mchana: takriban 5,500 K
* kivuli chini ya anga la buluu: kuanzia 7,000 K hadi zaidi ya 10,000 K

## Historia

Kabla ya umeme, nyumba za pwani ya Afrika Mashariki ziliangazwa kwa mishumaa, vibatari, kandili na chemli. Nuru yote hiyo ilitokana na mwali wa moto, hivyo ilikuwa ya njano. Umeme ulianza kutumika Dar es Salaam mwaka 1908, wakati wa utawala wa Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji walimoishi wakoloni. Balbu za waya za enzi hizo nazo zilitoa mwanga wa njano, kwa kuwa ziliwaka kwa waya uliopashwa moto.

Uchaguzi wa rangi uliletwa na taa za mrija na baadaye balbu za kubana matumizi ya umeme. Nuru ya taa hizi haitoki kwenye waya wa moto bali kwenye unga unaopakwa ndani ya kioo. Kiwanda kikibadilisha unga, rangi ya mwanga nayo hubadilika.

Taa za LED zimeendeleza utaratibu huo. LED nyeupe ya kawaida ina kipande kidogo kinachotoa nuru ya buluu, kilichofunikwa kwa unga wa njano. Sehemu ya buluu hugeuzwa na unga huo, na mchanganyiko wake huonekana mweupe. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kuvumbua LED ya buluu, iliyowezesha taa hizo kutengenezwa.

## Aina kuu

Balbu zinazouzwa madukani hugawanyika katika makundi matatu:

* Mwanga wa njano, 2,700–3,000 K. Kwenye boksi huandikwa "warm white".
* Mwanga mweupe wa kati, 3,500–4,500 K. Huandikwa "cool white" au "neutral white".
* Mwanga mweupe wa mchana, 5,000–6,500 K. Huandikwa "daylight".

Majina hayo hayatumiki kwa namna moja na viwanda vyote. Baadhi huita balbu ya 6,500 K "cool white". Kwa hiyo namba ya kelvini ni ya kuaminika zaidi kuliko jina. Zipo pia balbu zinazobadilisha rangi kila swichi inapozimwa na kuwashwa tena. Hizi humwezesha mtumiaji kujaribu rangi kabla ya kuamua.

## Athari kwa mwili

Jicho lina seli zinazotumika kuona, na pia seli nyingine chache zinazoijulisha akili kama ni mchana au usiku. Seli hizo, zilizotambuliwa kwa binadamu mwanzoni mwa karne ya 21, huitikia zaidi nuru ya buluu yenye urefu wa mawimbi wa takriban nanomita 480. Zikipata nuru hiyo kwa wingi, mwili hupunguza kutoa melatonini, homoni inayouandaa kwa usingizi.

Jambo hili lina uzito Dar es Salaam, mji ulio karibu na ikweta. Mwaka mzima jua huzama kati ya saa 12 jioni na saa 1 usiku, hivyo familia hukaa chini ya taa kwa saa kadhaa kila siku kabla ya kulala. Taa kali ya 6,500 K chumbani saa 4 usiku huuambia mwili kuwa bado ni mchana. Hata hivyo rangi si kila kitu: mwanga mkali wa njano nao huchelewesha usingizi, na simu iliyo karibu na uso pia huchangia.

## Uchaguzi kwa kila chumba

### Sebule
Sebule hutumika kwa mapumziko, mazungumzo na kuangalia televisheni, hasa jioni. Mwanga wa 2,700–3,000 K hufaa. Penye dari la jipsamu lenye taa za ukanda, ukanda wa njano na taa za katikati za 4,000 K zikiwekewa swichi tofauti huwezesha chumba kutumika kwa mapumziko na pia kwa shughuli za wageni.

### Chumba cha kulala
Panafaa 2,700 K, na mwanga usiwe mkali. Taa ndogo ya kando ya kitanda husaidia zaidi kuliko balbu moja kubwa ya dari. Kwa chumba cha mtoto mchanga, taa hafifu ya njano humwezesha mama kunyonyesha usiku bila kumwamsha mtoto kabisa.

### Jiko
Jikoni panahitajika mwanga wa 4,000 K hivi, ulioelekezwa mahali pa kukatia na kupikia. Kuchambua mchele na maharage, kukagua samaki na kuona kama nyama imeiva kunahitaji rangi zionekane jinsi zilivyo. Taa ikiwa moja tu katikati ya dari, mpishi hujizibia mwanga kwa kivuli chake.

### Mahali pa kusomea
Kwa mwanafunzi anayejisomea jioni, taa ya meza ya 4,000–5,000 K husaidia macho na kupunguza kusinzia. Viwango vya ofisi vya kimataifa hutaja luksi 500 juu ya meza ya kusomea na kuandikia, kiasi ambacho balbu ya dari peke yake mara nyingi haikifikii. Saa ya mwisho kabla ya kulala ni bora kuhamia kwenye mwanga wa njano.

### Bafu na choo
Mwanga wa 3,000–4,000 K unatosha. Taa ikiwekwa pande mbili za kioo huonyesha uso vizuri kuliko ile ya juu, inayoacha vivuli chini ya macho na kidevu. Taa ya bafuni iwe ya aina inayozuia maji.

### Baraza, ua na geti
Nje panafaa taa za 3,000 K au chini ya hapo. Wadudu wengi wanaoruka usiku huvutwa zaidi na nuru ya buluu na urujuani, hivyo taa nyeupe ya barazani hukusanya kumbikumbi na wadudu wengine wakati wa mvua za masika na vuli. Taa ya njano huwapunguza lakini haiwamalizi. Kwa upande wa mbu, haiwezi kuchukua nafasi ya chandarua.

### Chumba kimoja
Sinza ilipimwa viwanja katika miaka ya 1970 chini ya mradi wa viwanja na huduma uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Leo nyumba nyingi za eneo hilo zina vyumba vya kupangisha, na kwa mpangaji chumba kimoja huwa sebule, jiko, mahali pa kusomea na pa kulala. Ushauri wa chumba kwa chumba haumsaidii moja kwa moja, kwa sababu kinachobadilika kwake ni saa tu.

Suluhisho rahisi ni taa mbili. Balbu ya dari ya 4,000 K hutumika wakati wa kupika, kufua na kusoma. Baadaye huzimwa na kuwashwa taa ndogo ya 2,700 K iliyochomekwa kwenye soketi. Panapokuwa na sehemu moja tu ya balbu na hakuna soketi ya ziada, balbu inayobadilisha rangi kwa swichi hufanya kazi zote mbili. Ikiwa ni lazima kuchagua balbu moja ya rangi moja, 3,000–4,000 K hufaa kuliko 6,500 K.

## Maduka, saluni na baa

Kwenye biashara, uonyeshaji wa rangi una umuhimu kuliko kelvini peke yake. Hupimwa kwa kielezo kinachoandikwa CRI au Ra, chenye upeo wa 100. Kwa nyumba 80 inatosha. Kwa duka la vitambaa, fundi cherehani na saluni ya kupamba maharusi panafaa 90 au zaidi. Vitambaa viwili vinaweza kuonekana vya rangi moja chini ya taa, kisha vikatofautiana juani. Ndiyo sababu wateja hutoka na kitenge hadi mlangoni kabla ya kulipa. Vivyo hivyo, vipodozi vilivyopakwa chini ya taa yenye ubuluu huweza kuonekana vimezidi ukumbini penye taa za njano.

Baa na migahawa hupendelea mwanga wa njano, unaofanya chakula na nyuso za watu zipendeze na kuwafanya wateja wakae kwa utulivu.

## Dhana potofu

* "Taa nyeupe ina mwanga zaidi." Kiasi cha mwanga hupimwa kwa lumeni. Balbu mbili za lumeni 800, moja ya njano na moja nyeupe, hutoa mwanga sawa, ingawa nyeupe huweza kuonekana kali zaidi machoni.
* "Taa ya njano hula umeme." Dhana hii ilitokana na balbu za waya, ambazo zilikuwa za njano na zilitumia wati 60 kwa lumeni 800 hivi. LED ya njano hutoa kiasi hicho kwa wati 9 hivi. Ikiwaka saa 5 kila siku kwa siku 30 hutumia uniti 1.35 za LUKU, na balbu ya waya ya wati 60 hutumia uniti 9. LED nyeupe ya wati 9 hutumia uniti 1.35 vilevile.
* "Taa ya njano huongeza joto chumbani." Joto hutegemea wati, si rangi. LED ya njano na nyeupe za wati sawa hupasha chumba karibu sawa.

## Wakati wa kununua

Mnunuzi huangalia kwanza tako la balbu: la pini mbili (B22) au la kuzungusha (E27). Yote mawili hutumika Tanzania, na umeme wa nyumbani ni volti 230. Kisha hufuata lumeni, kelvini, CRI na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Chumba cha mita 3 kwa 3 huhitaji takriban lumeni 900 kwa matumizi ya kawaida, na zaidi kidogo kama kuta zimepakwa rangi nzito.

Mteja asipotaja rangi, kwa kawaida hupewa balbu nyeupe, na balbu nyingi za kuchaji zinazotumika umeme ukikatika nazo ni nyeupe. Ni vyema kutaja kelvini mapema na kuomba balbu ijaribiwe dukani. Balbu zote za chumba kimoja zinazowaka pamoja ziwe na kelvini sawa, kwa kuwa tofauti ya rangi huonekana wazi ukutani na darini.

## Tazama pia

* Kelvini
* Nuru
* Balbu
* Umeme
* Sinza